Mama yangu mdogo alikubali kosa ambalo hakulifanya, na aliyemwambia akubali ni mimi

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma nyuzi za wenzangu na kupita kimya kimya. Lakini hii imenikaa kifuani muda mrefu, nikaona leo niitoe.

Niko Bukavu, upande wa Congo. Kiswahili chetu mnakijua, kwa hiyo wa Dar na Mombasa mtanivumilia. Nimejitahidi kuandika kile cha shule, ila watu nitawaacha waongee wanavyoongea.

Nitasema mambo kama yalivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga. Na kuna sehemu ninaonekana mjinga haswa, jiandaeni. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kwanza mumjue mwenyewe. Mama Nsimire ni mdogo wake mama yangu mzazi. Mama alipofariki nikiwa bado sekondari, yeye ndiye aliyenimalizia shule. Anaishi Cimpunda, mtaa ambao mlango wako unaangalia bati la jirani wa chini, na jirani wa juu anaangalia bati lako.

Kazi yake ni kukaa na watoto wa kina mama wanaoenda sokoni. Asubuhi wanaletwa, jioni wanachukuliwa. Wakubwa kwa wadogo wote wanamwita Tantine, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Msifikirie shule yenye bango. Ni chumba kimoja, mkeka, vikombe vya plastiki, na yeye.

Sasa miaka kadhaa iliyopita, kabla mji wetu haujaingia kwenye haya tunayoyaishi leo, kati ya watoto wake kulikuwa na kasichana ka miaka mitatu kanaitwa Divine. Mama yake, ambaye kwa desturi ya huku tunamwita Maman Divine, alikuwa anauza nyanya sokoni.

Siku hiyo mchana Tantine alikuwa amebandika maji ya bugali kwenye mbabula, lile jiko letu la makaa. Bugali ndiyo ugali wetu, msinichanganye. Maji yalipochemka akaishusha sufuria, akaiweka chini karibu na mlango, kwa sababu katoto kengine kalikuwa kamejichafua na kanalia.

Akageuka akambadilishe huyo.

Divine akaingia mbio kutoka nje, mguu ukagonga sufuria. Maji yote yakamwagikia paja la kulia na mkono.

Tantine alimbeba mgongoni akakimbia naye kwa miguu hadi kituo cha afya. Mnaoijua ile milima ya Cimpunda mtaelewa, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, bila viatu. Maman Divine alipofika akikimbia kutoka sokoni, Tantine alipiga magoti pale pale kwenye sementi.

"Pardon, maman. Unisamehe. Kosa ni yangu."

Watu wengi walisikia. Lishikeni hilo.

Hapa naomba nitoke nje ya stori kidogo, maana bila hili hamtanielewa.

Huku kwetu neno "pardon" halina maana ya "nimetenda". Ukifika kwenye msiba unaomba pardon. Mume na mke wakigombana, wazee wa familia wanakaa, mkubwa anaambiwa "omba pardon iishe", hata kama yeye ndiye aliyepigwa. Mimi mwenyewe niliwahi kugongwa na pikipiki, nikainuka nikamwomba pardon dereva. Na yeye akanisamehe, fikiria!

Tumelelewa hivyo. Ni njia ya kuzima moto kwanza, mengine baadaye. Na mara nyingi hayo mengine hayafiki kamwe.

Haya, turudi.

Jirani mmoja akasema alimsikia Tantine asubuhi akimfokea Divine, "Leo utaniona!", kwa sababu alikojolea mkeka. Na ni kweli alimfokea. Anafokea watoto wote, kisha anawapa chai. Lakini kufika jioni maneno yalikuwa yameshakua: Tantine amemmwagia mtoto maji ya moto makusudi, kumuadhibu.

Maman Divine akaenda kushtaki. Simlaumu hata kidogo. Mtoto wako amelala na bandeji hadi kiunoni, halafu unaambiwa hivyo na mtu wa karibu? Ningekuwa mimi ningeenda na panga.

Wakamchukua Tantine. Polisi akamuuliza kwa Kiswahili, yeye akajibu kwa Kiswahili, polisi akaandika kwa Kifaransa. Hakuna aliyemsomea kilichoandikwa. Akaweka kidole gumba chenye wino, yakaisha. Karatasi hiyo huku inaitwa PV, ndiyo maelezo yako rasmi, na inatembea na wewe hadi mwisho.

Mimi wakati huo nilikuwa nafanya kazi ofisi moja Nguba, kule chini kwenye ziwa. Ofisi ya misaada. Kazi yenyewe, sikieni kichekesho, ilikuwa kuandika ripoti zinazozungumzia haki za watu.

Nilimpelekea chai na mkate. Alikuwa anauliza habari za Divine tu. "Analala vizuri? Banamupaka dawa?" ("Ba" yetu ni "wa" yenu.) Siku chache baadaye wakampeleka gerezani kusubiri mahakama.

Siku ya kesi ndiyo siku ninayotamani ningeirudia.

Alikuwa amepewa wakili bila malipo. Tulimkuta kwenye korido, mafaili yamejaa kwapani, jasho linamtoka. Sitaki kumtukana yule mtu. Alikuwa na kesi nyingi asubuhi moja, na nadhani hata chai hakunywa. Lakini alikuwa anaifungua ile faili kwa mara ya kwanza pale pale mbele yetu, akiwa amesimama.

Akaniambia mimi, kwa Kifaransa, kwa sababu mimi ndiye niliyevaa shati la ofisini: tukubali kosa, tuombe huruma. Mwanamke mtu mzima, hajawahi kushtakiwa, jaji atamrudisha nyumbani.

Tantine akauliza anasema nini. Nikamwambia.

"Lakini miye sikumumwangia ile mayi," akasema. Mayi ni maji.

Wakili akaangalia saa.

Na mimi, wakuu, mimi niliyesomeshwa na huyu mama, nikamshika mkono nikamwambia hivi:

"Tantine, ukubali tu. Uombe pardon, iishe."

Nilikuwa na safari ya kikazi kwenda Uvira. Gari la ofisi lilikuwa nje, dereva ameshanipigia mara mbili. Sikuwahi kumwambia mtu hili kabla ya mwaka jana.

Tukaingia. Jaji akauliza kwa Kifaransa, karani akatafsiri: "Unakubali ama unakatala?"

Tantine akageuka akanitafuta kwa macho. Mimi nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Nakubali. Naomba pardon."

Wakili akasimama akaongea muda mfupi kuliko wa kuimba ubeti mmoja kanisani, na jina la Tantine akalikosea. Alimwita Nshobole. Hakuna aliyemsahihisha, hata mimi.

Hukumu ilisomwa siku chache baadaye. Miaka miwili, kwa kumjeruhi mtoto kwa makusudi. Niliipata kwa simu nikiwa Uvira, nimekaa hotelini, samaki yuko mezani.

Ngoja kwanza, umeme umekata, naandikia simu. Nitavumilia makosa ya herufi na nyinyi pia mvumilie.

Haya. Niliporudi Bukavu nilikuwa kama mgonjwa. Mfanyakazi mwenzangu ana dada yake wakili, kijana tu, anaitwa Maître Zawadi (Maître ndivyo tunavyowaita mawakili huku), anayejitolea kwenye ofisi ya mawakili ya ushauri wa bure. Nikapelekwa kwake.

Swali lake la kwanza: "PV uliisoma?"

Hapana.

"Na karatasi ya muganga?" Yaani daktari.

Hapana.

"Weye ni licencié wa nini, papa?"

Nikamwambia chuo na kitivo nilikopata digrii. Hakucheka. Akauliza hukumu ilisomwa lini, akahesabu kwa vidole. Kukata rufaa huku una siku kumi, na sisi tulikuwa siku ya sita. Nilikuwa sijui hata kama hizo siku zinahesabiwa.

Alasiri hiyo hiyo, baada ya kuipitia faili kule mahakamani na kunakili PV, akaenda gerezani, mimi nyuma yake.

Na hapo, wakuu, Tantine akakataa.

Akakataa kabisa kukata rufaa. Alikuwa amekonda, kitenge kimemlegea, lakini shingo ngumu ile ile. "Nilisema nakubali mbele ya juge, batu bote balisikia. Leo nirudie niseme hapana? Nitakuwa mutu ya namna gani? Nitakuwa muongo."

Nikaanza kumbembeleza, Maître Zawadi akanizuia kwa mkono. Akavuta kiti akakaa karibu naye.

"Mama, ulikubali nini?"

"Nilikubali ile nilisema ku polisi. Mutoto alinichomekea."

Kwa wasioijua lugha yetu vizuri. "Alinichomekea" maana yake mtoto ameungua akiwa mikononi mwangu, nikiwa ndiye niliyeachiwa. Ni neno la mtu mwenye uchungu. Ni kama mtu anaposema "mtoto alinifia". Limebeba huzuni na limebeba dhamana, ila halina mkono wa mtu anayemwaga maji.

Maître Zawadi akatoa nakala. Akamsomea Kifaransa kwanza, sentensi moja tu. Kisha akamwambia kwa Kiswahili, pole pole:

"Hapa baliandika: 'Nilichoma mutoto.'"

Tantine akauliza:

"Nani alisema ile?"

"Baliandika ni weye."

"Miye?"

Akaomba aione. Hajui kusoma Kifaransa, lakini alishika ile karatasi akapitisha kidole juu ya mistari hadi alipofika kwenye alama ya gumba lake mwenyewe. Aliitazama muda mrefu sana. Mimi nilikuwa naangalia ukuta.

Halafu akasema, "Maître, andika ile appel."

Rufaa iliingia siku ya nane.

Miezi iliyofuata nilijifunza kazi ya wakili ni nini. Maître Zawadi alipanda Cimpunda na mabuti ya mvua, akaingia kwenye kile chumba, akapima kutoka mlango hadi mbabula. Akawauliza wapangaji waliokuwepo. Akasoma karatasi ya daktari, ambayo ilikuwemo kwenye faili tangu siku ya kwanza: majeraha ya upande mmoja, marefu, yenye matone matone pembeni, kama ya mtu aliyekanyaga chombo kikapinduka. Daktari alishaandika. Ilibaki mtu wa kusoma tu.

Nikamwambia, lakini Tantine si alikuwa na wakili mara ya kwanza? Akanijibu nikiwa nimesimama naye kwenye ngazi za udongo, anapangusa buti:

"Alikuwa na toge pembeni yake. Toge haiko défense."

Toge ni lile joho jeusi la mahakamani, na défense ni utetezi. Akanieleza kwamba katiba ikisema mtu ana haki ya kutetewa, ina maana ya mtu aliyekusikiliza, akasoma faili yako, akakueleza unachokubali kabla hujakubali. Kwa lugha unayoota nayo. Na kwamba kukiri hakumfungi jaji macho, anaruhusiwa kuuliza kumetokaje.

Lakini kilichonichoma mimi siyo sheria.

Gerezani upande wa wanawake kuna kina mama waliofungwa na watoto wachanga. Kesi yako inatangulia kufika kabla yako. Tantine alipoingia, wale kina mama waliwavuta watoto wao. Akiwapita, mama anamfunika mtoto wake kwa kitenge. Katoto kakimtambalia, mama yake anakakimbilia.

Mwanamke aliyelea nusu ya watoto wa mtaa! Alikuwa ananieleza hivyo huku anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake, halafu akasema, "Hata hii miaka mbili nitaikaa, Murhula. Lakini siwezi kufa na ile jina." Ndipo nikaelewa kwamba tulikuwa hatupiganii kutoka tu.

Siku ya rufaa ikafika.

Jaji alikuwa mtu wa kutoka magharibi ya nchi, Kiswahili chake cha kusalimia tu. Karani, mtoto wa hapa hapa, alikuwa anatafsiri. Maman Divine alikuwepo, na Divine mwenyewe alibaki kwa bibi yake. Anatembea vizuri, Mungu asifiwe, alama tu ndiyo imebaki.

Jaji akamuuliza Tantine swali ambalo nilijua litakuja. Mbele ya mahakama ulikubali. Leo unakana. Siku gani ulidanganya?

Tantine akafikiri kwanza.

"Sikudanganya hata siku moja, Papa juge. Ile siku nilisikia bananiuliza kama mutoto alichomeka kwangu. Nikasema nakubali. Hakuna mutu aliniuliza kama nilimumwangia mayi. Mungeniuliza ile, ningesema hapana."

Upande wa mashtaka wakasema PV iko wazi na imewekwa kidole. Nikaona jaji anaandika. Nikaanza kuomba rozari kimoyomoyo, mimi ambaye kanisani naenda kwa harusi.

Ndipo Maître Zawadi akaomba kumuuliza Maman Divine.

Alimuuliza kwa upole kabisa. "Maman, uko na batoto ngapi?"

"Nilizala bane. Niko na batatu. Moja alinifia."

"Pole sana. Alikufia ya nini?"

"Malaria."

Maître Zawadi akageuka kwa jaji. Akaomba karani aandike jibu hilo kwa Kifaransa, kwa namna ile ile PV ya Tantine ilivyoandikwa. Yaani aandike: mimi nilimuua mtoto wangu.

Karani aliweka kalamu chini.

Jaji akauliza kuna nini. Karani akaanza kumweleza kwa Kifaransa, akaenda, akarudi, akarudia tena. Alikuwa anaeleza "alinifia", kisha "alinichomekea", kwamba ni umbo moja, kwamba hapa hakuna mama anayeweza kusema neno hilo akimaanisha mkono wake. Ukumbi mzima tulikuwa tumeshaelewa, tunamsubiri mtu mmoja tu pale mbele.

Maman Divine naye aliposikia kilichoombwa kiandikwe alianza kulia. "Miye sikumuua mutoto wangu. Sikumuua."

Na Tantine akainuka bila ruhusa.

"Hapana, maman, hukumuua. Maître, acha! Umuache huyu mama."

Alimkasirikia wakili wake mwenyewe mbele ya jaji. Sijui kama niliwahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yeye dakika ile.

Maître Zawadi aliomba radhi, na aliomba kweli, uso ulikuwa umembadilika. Aliniambia baadaye kwamba hakulala vizuri usiku ule na kwamba angelifanya tena.

Kulipotulia jaji akamuuliza Maman Divine, unaamini alimmwagia makusudi? Akajifuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwa.

"Sijui, Papa juge. Batu njo balinielezea. Miye sikukuwako." "Njo" ni "ndio" yetu.

Mwisho jaji akampa Tantine neno la mwisho. Maître Zawadi alikuwa amemfundisha aseme kitu kimoja tu, kwamba anaomba aachiwe huru kabisa. Mfupi, akae.

Akasimama. "Sikumumwangia mayi. Ile nakatala. Lakini sufuria, ni miye niliiweka chini pa mulango, na nilijua batoto bako nje. Ile nakubali."

Maître Zawadi akafumba macho. Mimi nikashika kichwa.

Wakuu, tulisubiri hukumu wiki mbili. Sikuwa nakula.

Jaji aliiondoa ile ya makusudi. Akasema kukiri kwa mara ya kwanza hakuwezi kusimama, kwa sababu aliyekiri hakujua anakiri nini na hakupata utetezi wa maana. Akamkuta na kosa la uzembe, bila nia. Adhabu ya hilo akaipima isizidi miezi aliyokwisha kukaa ndani. Na akasema kilichomfanya amwamini ni ile sufuria: mtu anayetafuta kuponyoka tu asingeitaja mwenyewe.

Alitoka siku iliyofuata. Kuna mama mmoja mfungwa alimletea mtoto wake hadi mlangoni amuage. Tantine alimbeba, akampiga busu, akamrudisha.

Mtauliza kama watoto walirudi. Mwanzo wawili, baadaye watano. Mbabula sasa iko nje, juu ya matofali, na hakuna sufuria inayoshuka chini. Maman Divine hakumrudisha Divine, na Tantine hamlaumu. Wakikutana wanasalimiana vizuri, wanaulizana habari za nyumbani, kila mtu anaendelea.

Sasa nimalize na langu.

Ilinichukua muda mrefu kuongea naye juu ya ile siku ya korido. Mwaka jana, Jumapili moja baada ya chakula, nikajikaza. Nikamwambia, "Tantine, naomba pardon."

Nilitegemea aseme "acha, ilishapita", kama tunavyofanyaga sote huku. Akaweka sahani aliyokuwa anaosha, akakausha mikono.

"Pardon ya nini?"

"Ya yote, Tantine. Ya ile mambo yote."

"Hapana. Murhula, ile pardon ya bure miye siitake tena. Sema ulifanya nini."

Wakuu, ilikuwa ngumu kuliko mahakama. Nikamwambia: ulisema hukumwaga maji, nami nilikusikia. Nikakuambia ukubali kwa sababu gari lilikuwa linaningojea. Ulinitazama mbele ya jaji nikutoe, nikakutikisia kichwa ukubali.

Alinisikiliza hadi mwisho, hakunisaidia hata neno moja.

Kisha akasema, "Njo ile. Ile nimekusamehe." Akarudi kwenye sahani zake, na mimi nikatoka nje nikalia kama mtoto.

Kwa hiyo wadau, nilichojifunza nakiacha hapa. Ukiwa na mtu wako mbele ya polisi au jaji, usimwambie "kubali iishe". Haiishi, ndiyo kwanza inaanza. Aliyeandika asome kwa sauti, kwa lugha ya mwenye kidole, kabla kidole hakijaguswa na wino. Wakili mliyempata kwenye korido muulizeni kama amefungua faili, bila woga, hata kama ni wa bure. Na kama neno limeshatoka vibaya, kulirudisha siyo uongo, ila siku zinahesabiwa, kimbieni.

Mwenye mtu aliyewahi kutia sahihi karatasi asiyoielewa aandike hapa chini tujue yalimfikisha wapi. Na mawakili mliomo humu, ikiwa nimekosea sheria nisahihisheni, sitakasirika. Matusi pia yaleteni, yale ya ile korido nayastahili.